Wifi Kasoma, Fundi Kashona: Shahada ya Uzamili Kutoka Masagati



Kila tukija Unguja kwa sikukuu hatukosi kuulizwa: huko bara ndani kabisa, wifi kaipataje shahada ya pili bila ya kuacha kazi? Jibu fupi ni kwamba hakuipata peke yake. Jibu refu ndilo hili. Ndani yake mna mambo ya kutuaibisha kidogo, lakini tumekubaliana tuyaseme, maana bi harusi anayeingia kwenye nyumba yenye mawifi anahitaji kuyajua haya kuliko kujua rangi ya mapazia.

Kwanza mtujue. Sisi ni mtu na wifi yake. Mmoja wetu ni fundi cherahani, mzaliwa wa Unguja, elimu yake kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Yeye ndiye aliyeshika kalamu leo. Mwengine ni mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya ualimu, na kaka yake ndiye mume wa fundi. Kaka kazi yake ni kununua mpunga kwa wakulima na kuupeleka mashineni. Tuliishi nyumba moja Masagati pamoja na watoto wa fundi na mama yao kaka na mwalimu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa.

Masagati ni kata ya Halmashauri ya Mlimba, mkoa wa Morogoro. Kutoka Unguja unapanda boti mpaka Dar es Salaam, halafu basi kupitia Morogoro, Mikumi na Kidatu, unaingia bonde la Kilombero mpaka Ifakara. Ukifika Ifakara usidhani umefika. Unakwenda tena mpaka Mlimba, inapopita reli ya TAZARA, na ukitoka hapo bado safari ipo. Mvua zikishika, barabara inakuwa ya kumuomba Mungu.

Sasa tuanze na lile la aibu. Mwalimu alipotamka mara ya kwanza kwamba anataka kusoma shahada ya uzamili, fundi alikunja uso. Moyoni alisema: huyu ana shahada tayari, sie wengine tuliishia kidato cha nne, na bado anataka nyengine? Nani atapika? Nani atamuangalia Bi Mkubwa? Hakusema, lakini wiki ile sufuria zilipigwa chini kwa kishindo, na mwalimu si mtoto, alielewa.

Mwalimu hakutaka cheo. Tulidhani anataka kuwa mkuu wa skuli, akatuambia hapana. Alichokuwa anakiona ni kwamba walimu wapya wanakuja, wanatishwa na wingi wa wanafunzi, hakuna wa kuwashika mkono, na baada ya muda mfupi wanaomba uhamisho. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa kwenye skuli za serikali mpaka kidato cha nne, madarasa ya wengi yalijaa. Yeye alikuwa akiwaita wale wageni chini ya mti baada ya vipindi, wanapanga masomo pamoja. Akataka kuijua kazi ile kwa elimu yake, isiwe ya kubahatisha. Kumbe ina jina: uongozi wa mwalimu, yaani mwalimu anayewaongoza wenzake akiwa bado anashika chaki darasani.

Haraka yetu ilitugharimu. Mwaka 2020 tuliona tangazo kwenye simu: shahada ya uzamili ya uongozi wa walimu, chuo cha ng'ambo, miezi minane tu, yote mtandaoni, na punguzo kwa walimu wa Afrika. Mwalimu akajaza fomu usiku, asubuhi akapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole. Tukatuma shilingi 380,000 kwa simu. Nusu ilitoka kwenye mshahara wake na nusu kwenye fedha za sare alizoshona fundi. Wiki ya pili namba haikupatikana tena. Kila mmoja wetu alilia chumbani kwake.

Dada zetu, lichukueni hili. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayosimamia vyuo vikuu vya nchini, na ndiyo inayovitathmini vyeti vya vyuo vya nje ili vitambulike hapa. Kusoma mtandaoni na chuo cha nje si kosa, na vyuo vya kweli vipo. Lakini kabla ya kutuma hata shilingi moja, ulizeni TCU kama shahada ile itatambuliwa. Anayekuharakisha ulipe leo kwa sababu punguzo linaisha kesho, muacheni aende na punguzo lake.

Baada ya kuumwa ndipo tukatulia. Mwalimu akaomba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kikapokea wanafunzi wake wa mwanzo 1994, kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba zao kwenda kukaa bwenini. Makao yake makuu yapo Dar es Salaam na kina vituo mikoani, Unguja na Pemba vikiwemo. Morogoro kipo kituo pia. Masomo yanawekwa mtandaoni, mwanafunzi anasoma alipo. Mwalimu alichagua uzamili wa elimu unaohusu uongozi, mipango na sera, ambao ulikuwa na kozi za darasani, mitihani, kisha utafiti na tasnifu. Kwa kuwa ni mtumishi wa umma, aliomba kwanza ruhusa ya mwajiri. Barua ikapita kwa mkuu wa skuli mpaka kwa mkurugenzi. Msiliruke hili, hata kama mnasoma jioni tu.

Akaanza 2021. Mtandao nyumbani kwetu ulikuwa mgeni, unakuja na kuondoka. Palikuwa na sehemu moja nyuma ya nyumba, chini ya muembe, simu ikishika vizuri. Mwalimu alikuwa akitoka na kanga mbili na tochi, anashusha masomo kwa bando la usiku, na Bi Mkubwa anakaa mlangoni kumlinda huku akivuta tasbihi. Mwanzo alisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 vilipogawiwa walimu, ndipo macho yake yakapumzika kidogo.

Baada ya Isha, watoto wakishalala, tunakaa ukumbini. Fundi anakanyaga cherahani, mwalimu anasoma kwa sauti. Maandishi ni ya Kiingereza, basi anasoma kipande, anakitia kwenye Kiswahili, anaendelea. Mwanzoni fundi alisikiliza kwa kuwa hana pa kwenda. Baadaye akawa anauliza.

Usiku mmoja somo lilikuwa tofauti ya kumkagua mwalimu ili kumkamata na kumsimamia ili kumsaidia. Fundi akasimamisha cherahani. Akasema, kwenye kozi yetu ya ushonaji tulikuwa na walimu wawili. Mmoja akiona mshono umekwenda upande anakurushia nguo, anasema rudia. Mwengine anavuta kigoda, anafumua pamoja nawe, anakuonesha ni wapi mkono ulianza kupotea. Kwa yule wa kwanza tulijifunza kuficha makosa. Kwa yule wa pili tulijifunza kushona. Mwalimu akamtazama, kisha akayaandika. Yaliingia kwenye kazi yake ya kozi, na alama alizopata zilikuwa nzuri. Usiku ule fundi alilala akiwa na furaha ambayo hakuijua tangu aache skuli.

Lakini msidhani mambo yalikuwa shwari. Jumamosi na Jumapili mwalimu hakuingia jikoni, alikuwa na kazi za chuo. Fundi akapika, akafua, akamuogesha Bi Mkubwa siku za homa, na kazi za wateja zikachelewa. Kuna bi harusi mmoja aliikosa nguo yake ya kesha kwa sababu hiyo, na tunamuomba radhi mpaka leo. Ilibidi tukae kikao. Kaka akachukua kazi ya maji na soko. Mwalimu akachukua vyombo vya usiku na kuwasomesha watoto wa fundi. Fundi akabaki na chakula cha mchana. Tulipogawana kwa maneno ya wazi, sufuria ziliacha kupiga kelele.

Mwanzo wa 2022, mvua ikiwa nyingi, mwalimu alitakiwa Morogoro kwa mitihani. Bodaboda ilikwama kwenye tope. Yeye na kaka yake wakatembea wakibeba viatu mkononi, wakalala Mlimba, wakafika Morogoro usiku wa kuamkia mtihani. Aliingia kwenye chumba cha mtihani na baibui lililokaukia tope kwenye pindo.

Tuseme sasa habari ya fedha, kwani ndiyo inayovunja nyumba nyingi. Ada ya mwaka wa pili ilidaiwa kabla ya mavuno. Wanaoijua Kilombero wanafahamu kwamba miezi ile mpunga uko shambani, fundi hana wateja, kaka hana mzunguko. Akaja mkopeshaji anayekopesha watumishi, fedha siku hiyo hiyo, marejesho yakatwe kwenye mshahara na riba juu yake. Mwalimu alikuwa tayari ameshika kalamu. Bi Mkubwa akasema neno moja tu: “Elimu ya kumtafuta Mola hatuinunui kwa alichokikataza.”

Fundi alikuwa na bangili mbili za dhahabu, mahari yake. Mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, si ya mume wala ya wazazi, na hakuna wa kumlazimisha. Hakulazimishwa. Alizivua mwenyewe, tukaenda kwa sonara Ifakara, zikatoka kwa shilingi 1,260,000. Njiani kurudi mkono wake ulikuwa mwepesi na moyo mzito.

Tulipofika nyumbani, Bi Mkubwa akatuuliza: mmeandika? Tukacheka, tukasema sisi ni ndugu. Akatukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Mola hakuliona dogo, sisi ni nani tulione dogo? Tukanunua daftari la kurasa 48. Tukaandika kiasi, tarehe na namna ya kulipa: shilingi 50,000 kila mwezi baada ya kumaliza masomo. Mashahidi wakawa kaka, Bi Mkubwa na jirani yetu mmoja wa kike. Tuliona haya siku ile. Baadaye tulikuja kuona kheri yake.

Kwa ajili ya utafiti, mwalimu alichagua jambo la karibu yetu. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaweza kurudi katika skuli za mfumo rasmi. Mwalimu alitaka kujua: wanaporudi, ni nani anayewafanya wabaki? Fundi alikuwa ameshawaona kabla ya mtafiti. Walikuja dukani kupanua sare zao za zamani, wakiinamisha macho, wengine na mtoto mgongoni. Mama zao walituuliza: walimu watampokea kweli?

Aliyoyasikia katika mazungumzo yake na walimu na wasichana hao ni kwamba tangazo linafungua mlango, lakini anayemshika msichana asigeuke pale mlangoni mara nyingi ni mwalimu mmoja tu: anayemuita kwa jina, anayemzuia mwenzake asimkejeli mbele ya darasa, anayemruhusu atoke kunyonyesha. Wengi wa walimu hao hawakuwa na cheo chochote. Msimamizi wake wa tasnifu alizirudisha sura zile mara nyingi, zimejaa alama nyekundu. Kila zikirudi, fundi alimwambia: fumua, kitambaa bado kizima.

Posa ilikuja 2023, katikati ya tasnifu. Kijana wa Ifakara, mcha Mungu, mwenye duka lake. Upande wao yakaanza maneno: mke wa shahada mbili atamuona mumewe mwanafunzi. Wakapendekeza aache kusoma kwanza, aolewe, mengine baadaye. Mwalimu hakugombana na mtu. Alimwambia kaka yake, ambaye ndiye walii wake kwa kuwa baba yao ameshatangulia mbele ya haki, kwamba aweke sharti kabla ya akdi: atamaliza masomo na ataendelea na kazi. Kaka akamuuliza sheikh, sheikh akasema wakiridhiana wote liwekwe bayana. Kijana akaridhia mbele ya wazee. Kumbe yeye mwenyewe hakuwa na tatizo, ila hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo tulipotaka kuvunjika sisi wenyewe. Fundi alisikia sokoni kwamba mwalimu akiolewa ataomba uhamisho kwenda Ifakara. Hakuuliza. Alipandisha kila kitu kifuani: bangili, vyakula vya Jumamosi, usiku wa kukanyaga cherahani. Akamwambia mbele ya watoto, “Umetufanya ngazi.” Mwalimu akanyamaza, akaingia ndani. Siku mbili hatukusemezana. Siku ya tatu Bi Mkubwa akatuita, akatukumbusha kwamba Muislamu si halali kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na jua linakuchwa.

Mwalimu akaleta daftari. Ukurasa wa pili, kwa mkono wake, tarehe ya wiki iliyopita, alikuwa ameshaandika: deni hili linanifuata popote nitakapoishi, na nikifa lilipwe kwanza kabla ya urithi wangu kugawiwa. Fundi alisoma mara mbili. Akaona haya. Tukagundua hatukuwa tukigombania fedha. Fundi aliogopa kuachwa nyuma mara ya pili, kama siku ile wenzake walipokwenda kidato cha tano na yeye akaenda kwenye cherahani. Alilia, mwalimu akalia, Bi Mkubwa akasema chai inapoa.

Mwalimu alihitimu 2024. Gauni lililokuwa chini ya joho alilishona fundi, rangi ya zambarau iliyokoza, mikono mirefu yenye bitana. Tuseme ukweli ili msidanganyike: siku ya pili yake mshahara haukubadilika. Hajapewa cheo. Bado anafundisha vipindi vyake, na uhamisho wa kwenda kwa mumewe aliupata kwa utaratibu, si kwa cheti. Kilichobadilika ni kwamba skuli yake mpya imempa kuongoza vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wanakutana skulini kwao kusaidiana. Anavuta kigoda, anafumua pamoja nao.

Na fundi? Hakurudi skuli, wala haoni kama amepungukiwa. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, mali yake ikaunusuru Uislamu katika siku zake za mwanzo. Bibi Aisha alikuwa mwalimu, masahaba wakachukua elimu kwake. Dini yetu ilihitaji wote wawili. Ndani ya nyumba pia wanahitajika wote wawili, na wasioneane haya.

Basi bi harusi wetu, kama una nia ya kusoma, liseme kabla ya akdi, si baada ya fungate. Kama wewe ndiye wifi unayebaki jikoni, sema unachokiweza na usichokiweza, usiiachie sufuria ikusemee. Ukimkopesha ndugu, andikeni. Na chuo kikikuahidi shahada kwa miezi minane, kumbuka shilingi zetu 380,000.

Mwezi huu yameingia malipo ya kumi na nne. Zimelipwa shilingi 700,000, zimebaki 560,000. Dhahabu imepanda sana tangu tuuze, na fedha hizo zikitimia hazitanunua bangili zile mbili. Mwalimu alitaka kuongeza, fundi akakataa, kwa kuwa tuliandikiana shilingi na shilingi ndizo tunazodaiana. Daftari lipo kwenye kabati la vitambaa, na kila mwezi tunalifungua pamoja kwa simu, yeye Ifakara, sisi Masagati, tunasoma Bismillahi na kuandika tarehe.

Tuombeeni dua.